Semesta ya kubadilishana Ujerumani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila inapokaribia Oktoba na Aprili maswali ni yaleyale, anauliza huyu leo kesho mwenzake, kwa hiyo yamewekwa hapa pamoja. Anza juu kama hujasafiri, kama umeshafika ruka mpaka kwenye anwani, kwa sababu kule kila kitu kinaning'inia kwenye anwani.

## Kabla hujapanda ndege

Mwanafunzi wa kubadilishana ana tofauti gani na anayeenda kusoma digrii nzima?

Wewe unabaki kuwa mwanafunzi wa chuo chako cha nyumbani, kule unaenda semesta moja au mbili kwa makubaliano ya vyuo viwili na matokeo yako yanarudi nyumbani kuhesabiwa. Kwa kawaida ada ya masomo hulipi kule. Unacholipa ni mchango wa semesta, wenyewe wanauita Semesterbeitrag, ambao unaenda kwenye huduma za wanafunzi, serikali ya wanafunzi na vyuo vingi pia usafiri. Usiudharau huo mchango maana bila kuulipa husajiliwi na hupati kitambulisho.

Semesta inaanza lini hasa, mbona tarehe zinagongana?

Kwenye karatasi semesta ya baridi ni 1 Oktoba hadi 31 Machi na ya kiangazi ni 1 Aprili hadi 30 Septemba, ila lekcha zenyewe vyuo vikuu vingi zinaanza katikati ya mwezi, na kabla yake kuna wiki ya kuwakaribisha wageni. Vile vyuo vya sayansi tumizi, Fachhochschule, mara nyingi vinatangulia mwezi mmoja, Septemba na Machi.

Sasa angalia huku mwisho, ndiko watu wanakoumia. Lekcha za baridi zinaisha Februari lakini mitihani na karatasi za kuandika nyumbani zinaweza kufika Machi, na mtu ameshakata tiketi ya kurudi wiki ya kwanza ya Februari kwa sababu ilikuwa rahisi. Usikate tiketi isiyobadilishwa kabla hujaijua ratiba ya mitihani ya kozi zako.

Niombe viza gani na wanataka nionyeshe hela kiasi gani?

Viza ya taifa, aina ya D, ya masomo. Ile ya siku 90 ya matembezi isikushawishi hata kama inatoka haraka, ukishaingia nayo kubadilisha ukiwa ndani ni shida kubwa na wengi wanaambiwa warudi waombe upya.

Kiwango cha hela kilichowekwa ni yuro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, na njia inayotumika sana ni akaunti iliyofungwa, Sperrkonto, unaweka zote kisha zinakutokea kidogo kidogo kila mwezi. Kama una ufadhili, barua yake ndiyo ushahidi wako, ila iseme wazi kiasi kwa mwezi na kuanzia lini mpaka lini, barua inayosema tu "atagharamiwa" inarudishwa. Ufadhili ukiwa mdogo kuliko kiwango unajazia tofauti.

Nibebe nini mkononi, sio kwenye sanduku?

Pasi, barua ya chuo, uthibitisho wa bima, barua ya ufadhili, mkataba wa chumba na ule mkataba wa masomo wenye orodha ya kozi zako (uko kwenye sehemu ya darasani), vyote orijino na skani zake ziwe kwenye imeli. Dawa unazotumia kila siku beba na cheti cha daktari. Soketi zao ni za pini mbili za mviringo, kwa hiyo chaja za pini tatu za bapa zinahitaji adapta, nunua moja kabla ili usiku wa kwanza simu isizime. Koti zito unaweza kununua kulekule, la mtumba lipo na linafaa.

## Wiki mbili za kwanza

Nimefika, nianze na nini?

Anwani. Yaani chumba chenye mkataba ambacho unaruhusiwa kujisajili. Mlolongo uko hivi: chumba kinakupa karatasi ya mwenye nyumba, karatasi hiyo inakupa usajili wa makazi, na cheti cha usajili huo ndicho kitakachoulizwa benki, uhamiaji, na mara nyingine hata kwenye kadi ya maktaba ya mji. Ndio maana chumba cha "kaa tu wiki tatu lakini usijisajili" kina bei nzuri na hakikusaidii kitu. Vingine unaweza kuvipanga upendavyo.

Anmeldung ni nini na inafanywaje?

Ni kujisajili kwenye ofisi ya wakazi ya mji kwamba unaishi pale. Sheria inasema ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Unaenda na pasi, fomu iliyojazwa, na karatasi ya mwenye nyumba inayoitwa Wohnungsgeberbestätigung, mkataba peke yake hautoshi hata ukiwa na mihuri kumi.

Tabu ni miadi. Miji mikubwa nafasi zimejaa wiki nyingi mbele, kwa hiyo weka miadi ukiwa bado nyumbani kama chumba unacho tayari, na kama hupati fungua ukurasa wao asubuhi mapema mara kwa mara, watu wanaghairi na nafasi zinaibuka. Wiki mbili zikipita kwa sababu miadi haikupatikana, tunza ushahidi kwamba uliomba kwa wakati, kwa kawaida wanaelewa.

Kwenye fomu wanauliza dini. Sio umbea, ni kwa ajili ya kodi ya kanisa inayokatwa kwa wenye kipato kinachotozwa kodi ambao ni wa makanisa fulani, kwa hiyo jua unachojaza kabla hujajaza.

Kila mtu anapata barua zake isipokuwa mimi, kwa nini?

Jina lako halipo kwenye sanduku la barua. Seriously hili ndilo jibu karibu kila mara, posta haiangalii namba ya chumba, inaangalia jina la ukoo kwenye sanduku na kengele. Kama umepanga kwa mtu bandika jina lako chini ya lake siku ileile unayohamia. Nchi hii bado inaendeshwa kwa barua: kadi ya benki inakuja kwa barua, namba ya siri inakuja kwa barua nyingine tofauti, namba ya kodi barua, kadi ya bima barua. Ikirudishwa moja unapoteza wiki.

Laini ya simu naipataje?

Za kulipia kabla zinauzwa mpaka supamaketi, ila lazima uthibitishe utambulisho kwa pasi, dukani au kwa video. Usisaini mkataba wa miezi 24 ukiwa unakaa miezi sita, hata kama wanakupa simu mpya.

## Chumba na majirani

Hosteli ya wanafunzi au chumba kwenye nyumba ya pamoja?

Hosteli za Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, kawaida ni nafuu na usajili wa makazi hauna longolongo, shida ni foleni, omba siku ileile unayopata barua ya chuo. Nyumba ya pamoja, wao wanaiita WG, inakuunganisha na watu haraka zaidi, ila wenyeji wanakufanyia usaili kama wa kazi, unakaa jikoni unaulizwa unapenda nini na unaosha vyombo lini. Ukikataliwa na tano usijisikie vibaya, hata wazawa wanakataliwa.

Kwenye tangazo soma kama bei ni Kaltmiete, kodi tupu bila joto na maji, au Warmmiete, yenye hivyo vitu. Amana kisheria haizidi kodi tupu ya miezi mitatu. Piga picha chumba chote siku unapoingia, kila mkwaruzo, maana amana inarudi au hairudi kutokana na hizo picha.

Mwenye nyumba anasema yuko nje ya nchi, nitume hela kisha anitumie funguo kwa posta. Ni kweli?

Tapeli. Hakuna swali la pili. Chumba kizuri, bei ya chini, picha kama za hoteli, mwenyewe hayupo, ni mchezo uleule kila mwaka. Kama huwezi kwenda kukiona mwombe mtu wa programu ya wenyeji wa wanafunzi wapya, ile ya badi, akapite kwa niaba yako, na hela isitoke kabla.

Kwa nini jirani amenigongea Jumapili kwa sababu ya mashine ya kufulia?

Kwa sababu Jumapili ni siku ya utulivu, siku nzima, na kila siku kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni kimya. Kudrili, kufua kwa mashine yenye kelele, muziki, vyote subiri Jumatatu. Maduka nayo yamefungwa Jumapili, nunua chakula Jumamosi, ukisahau jaribu kwenye stesheni kubwa za treni, hapo maduka mengi yanakuwa wazi.

Takataka zinatenganishwa: karatasi kwake, plastiki na makopo kwake, mabaki ya chakula kwake, yaliyobaki kwake, na chupa za glasi unapeleka kwenye makontena mtaani, tena sio Jumapili. Majirani wanafungua pipa kuangalia, kweli kabisa.

Ukutani kumetoka ukungu mweusi, mwenye nyumba anasema kosa langu.

Inawezekana ana hoja. Wakati wa baridi unyevu wa kuoga na kupika unabaki ndani, na nyumba zao zimezibwa sana ili joto lisitoke, kwa hiyo unatakiwa ufungue dirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara mbili tatu kwa siku, kisha ufunge. Kuliacha limeinama kidogo siku nzima kunapoza ukuta na ukungu unazidi. Ukiona doa la kwanza mwandikie mwenye nyumba na picha, usisubiri siku ya kurudisha funguo.

## Hela

Kuna malipo gani ambayo watu hawakuyatarajia?

La kwanza ni Rundfunkbeitrag, mchango wa redio na televisheni za umma, tangu Agosti 2021 ni yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi, uwe na TV au usiwe nayo. Mnaoishi pamoja mnalipa moja na kugawana. Ila kwenye hosteli ambayo mlango wako unafungukia korido ya wote, chumba chako kinahesabiwa makazi yako peke yako na unalipa mzima. Barua yao ukiitupa haipotei, inarudi na faini. Jinsi ya kuifunga ukiondoka iko mwisho kabisa.

La pili ni bima ya madhara, Haftpflicht. Sio lazima lakini bei yake ni ndogo kwa mwaka, na ukipoteza ufunguo wa hosteli unaofungua milango yote halafu ukaletewa bili ya kubadilisha vitasa vya jengo zima utaelewa kwa nini kila mzawa anayo. Hakikisha tu kipengele cha funguo kimo.

Usafiri je?

Uliza kwanza kama mchango wako wa semesta una tiketi ndani yake, vyuo vingi ndivyo vilivyo. Kama haina kuna Deutschlandticket, ilianza Mei 2023 kwa yuro 49 na kuanzia Januari 2026 ni 63 kwa mwezi, mabasi, tramu na treni za mikoa nchi nzima. Treni za kasi, ICE na IC, haziingii humo. Pia ni usajili unaojirudia kila mwezi, ukitaka kuacha ghairi kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaotaka uwe wa mwisho.

Vituo vingi havina geti la kuzuia mtu, usidhani ni bure. Wakaguzi wanavaa kiraia na ukikamatwa ni yuro 60.

Naweza kufanya kazi?

Soma kilichoandikwa kwenye viza au kibali chako cha ukaazi, hicho ndicho kinachoamua. Kwa viza ya masomo tangu Machi 2024 kikomo ni siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na kima cha chini cha mshahara kuanzia Januari 2026 ni yuro 13.90 kwa saa. Kwa semesta moja lakini mimi ningesema usiipigie hesabu hiyo hela, miezi miwili inaisha ukiwa unasubiri karatasi na wa tatu ndio unaanza kuelewa lekcha.

Ile alama kwenye chupa na watu wanaorudisha chupa supamaketi ni nini?

Amana, Pfand. Kopo na chupa ya plastiki ya kutumika mara moja ni senti 25, chupa nyingi za bia senti 8. Unaingiza kwenye mashine, inakupa risiti, unalipia nayo. Usizitupe, mwisho wa mwezi ni chakula.

## Darasani

Kozi inasema saa 4 asubuhi, nimefika hakuna mtu.

Angalia pembeni ya muda kama kuna c.t., maana yake inaanza robo saa baadaye, saa 4 na robo. Ikiwa s.t. ni saa 4 kamili na mlango unafungwa. Na lekcha ikiisha wanagonga meza kwa ngumi, ndio makofi yao, usishtuke.

Nichukue kozi ngapi?

Semesta kamili ni pointi 30 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima uzito wa kozi, na pointi moja inahesabiwa kama saa 25 hadi 30 za kazi, ukipiga hesabu ni kama saa 750 na zaidi, sio mchezo. Angalia chuo chako kinadai kima gani na ufadhili wako unadai gani, mara nyingi sio namba moja.

Kozi zinaorodheshwa kwenye mkataba wa masomo unaosainiwa na wewe na vyuo vyote viwili. Ukifika utakuta kozi moja haifundishwi semesta hiyo na nyingine ni kwa Kijerumani tupu, ni kawaida kabisa, unabadilisha. Ila mabadiliko yasainiwe upya na pande zote kwa maandishi, imeli ya "sawa tu" kutoka kwa mtu mmoja wa idara haitakutetea mwaka ujao wakati msajili wa nyumbani anauliza hii kozi imetoka wapi.

Nimehudhuria lekcha zote, kwa nini sina matokeo?

Hukujisajili kwenye mtihani. Kuhudhuria ni kitu kimoja, kujisajili mtihani ni kingine, na kuna tarehe ya mwisho ambayo inaweza kuwa katikati ya semesta wakati hata hujaanza kuwaza mitihani. Kozi nyingine wageni wanajisajili kwa fomu na sio kwenye mfumo. Wiki ya pili muulize mwalimu mambo matatu: mtihani ni wa aina gani, najisajili wapi, mwisho lini, na yeye akujibu kwa imeli.

Alama 1.3 ni mbaya?

Ni nzuri sana. Kwao 1.0 ndio juu, 4.0 ndio ya mwisho ya kufaulu, 5.0 umefeli. Uliza idara yako mapema wanazigeuza vipi, na uombe jedwali lenyewe.

Walimu niwaiteje na je naweza kuwauliza maswali?

Kwa imeli anza na cheo na jina la ukoo, hata ukiandika Kiingereza, na umwite kwa jina la kwanza pale tu akisema mwenyewe. Kuuliza darasani hata kupinga hoja kunaruhusiwa, kwenye semina kunatarajiwa, ukikaa kimya kwa heshima wao wanasoma kwamba hujasoma. Kila mwalimu ana saa ya kupokea wanafunzi, itumie, hakuna anayekuona msumbufu. Kazi za kuandika taja kila ulichochukua kwa mtu, kunakili wanakuchukulia kama udanganyifu wa mtihani.

## Afya, na kichwa

Bima yangu ya safari inatosha?

Mara nyingi inakufikisha tu. Ili usajiliwe chuoni unahitaji bima ya umma ya wanafunzi au uthibitisho kwamba umesamehewa, na ukishasamehewa kurudi kwenye ya umma ndani ya masomo hayo ni vigumu, kwa hiyo soma kabla ya kukimbilia ile ya bei rahisi ya mtandaoni. Kama umefika miaka 30 angalia chini.

Nikiumwa naenda wapi?

Kwanza daktari wa kawaida wa mtaani, sio hospitali. Usiku au wikiendi na sio hatari ya maisha piga 116117. Hatari ya maisha au moto 112, polisi 110. Antibiotiki hupewi bila cheti cha daktari. Ukiumwa siku ya mtihani pata karatasi ya daktari siku hiyohiyo na uipeleke ofisi ya mitihani, ya kesho yake inaweza kukataliwa.

Mbona Novemba nimekosa hamu ya kila kitu?

Giza linachangia sana. Katikati ya mwezi wa 12 Berlin jua linazama kabla ya saa 10 jioni na mchana wote haufiki urefu wa masaa nane, na hapo ndipo ugeni wa mwanzo umeisha na wale mliokutana wiki ya kukaribishwa kila mtu ana mishe zake. Toka nje saa za mchana hata nusu saa. Vituo vya Studierendenwerk vina washauri wa saikolojia, vingi bure na vingine vina mtu wa Kiingereza, na huhitaji uwe umevunjika ndio uende.

Kuhusu marafiki, wenyeji hawakaribishi mtu haraka na sio chuki. Kinachofanya kazi ni kuonekana sehemu ileile kila wiki: kwaya, timu ya michezo ya chuo, darasa la lugha. Pati moja kubwa haileti rafiki, Jumanne kumi mfululizo zinaleta. Na wenzako mnaozungumza lugha moja kaa nao, usisikilize wanaosema uwakimbie, ila wasiwe peke yao.

## Kesi za pembeni

Viza inaisha kabla ya miadi ya uhamiaji.

La msingi ni kuwasilisha ombi la kibali kabla viza haijaisha, kwa mtandao au kwa maandishi, na kutunza uthibitisho. Unaomba karatasi ya muda, Fiktionsbescheinigung, inayoonyesha upo kihalali wakati wanashughulikia. Kabla ya kutoka nchini ukiwa na karatasi hiyo waulize kama yako inaruhusu kurudi, zipo zisizoruhusu.

Naweza kutembelea nchi nyingine?

Ukiwa na viza ya D au kibali kinachofanya kazi unaruhusiwa nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Beba pasi yenyewe, picha kwenye simu haihesabiki.

Nina miaka 30 au zaidi.

Bei ya mwanafunzi ya bima ya umma haikuhusu kwa kawaida, utatafuta ya hiari au binafsi. Fanya hivyo kabla ya kuomba viza, usiache mpaka dirisha la usajili.

Nataka kuongeza semesta ya pili.

Vyuo vyote viwili vikubali kwanza, halafu mfadhili, halafu uhamiaji, kwa mpangilio huo. Na chumba! Mkataba wa hosteli mara nyingi unaisha na semesta na chumba chako kimeshapewa mtu.

Nimefeli kozi moja, itakuwaje?

Uliza kama kuna mtihani wa marudio kabla hujaondoka, mara nyingi upo mwisho wa likizo ya semesta. Baadhi ya walimu wanakubali mgeni aufanyie kwenye chuo chake chini ya usimamizi, inategemea mtu na uliombaje. Mwambie mratibu wako wa nyumbani wewe mwenyewe kabla matokeo hayajafika.

Nimesharudi nyumbani na barua ya Rundfunkbeitrag imefika kwa rafiki yangu.

Maana yake hukuifunga, na kujiondoa kwenye usajili wa makazi peke yake hakutoshi. Unajaza fomu yao ya mtandaoni ya kujitoa, sababu unaandika umehamia nje ya nchi, na unaambatanisha cheti cha Abmeldung, ile karatasi ya kujiondoa kwenye ofisi ya wakazi ambayo unaweza kuiomba kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baada. Kama huna hicho cheti andikia ofisi ya wakazi ya mji kwa imeli na tarehe uliyoondoka, miji mingi inakubali kwa njia hiyo. Akaunti ya benki usiifunge mpaka hili limeisha na amana ya chumba imeingia.